Risala ya kumkumbuka Mama Mwalimu, Kirumba Mwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa mtaa, wazazi wetu na ndugu wote mliofika, shikamooni, na wenzetu habari za asubuhi.

Sisi ni wanafunzi wa zamani wa shule hii pamoja na wakina mama wa darasa la jioni tunaofanya kazi soko la samaki na dagaa la Mwaloni, tumekuja kumkumbuka mwalimu wetu ambae huku wote tulikua tunamwita Mama Mwalimu, ametangulia mbele za haki. Mh mgeni rasmi tunakushukuru sana kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa na sisi.

Mama Mwalimu alizaliwa Ukerewe. Ukerewe ilikua moja ya zile wilaya sita zilizotakiwa ziwe zimefuta ujinga kabla mwaka 1971 haujaisha, na mama yake mzazi alijifunzia kusoma kwenye kisomo kile, ukubwani, ndo maana yeye hakuwahi kuona ajabu mtu mzima kushika penseli. Baadae likaja Azimio la Musoma la 1974 kwamba ikifika Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani, walimu hawatoshi, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakawa wanafundishwa ualimu huku wanafundisha, na yeye alikuwemo. Watu waliwasema sana walimu wa UPE, yaani ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Sisi tuliopita mikononi mwake tunasema kwakweli walionewa.

Na kujitolea hakukuanza juzi. Wazee mtakumbuka Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama, alikua uwanja wa Nyamagana anawapikia chai ndugu waliokua wanasubiri kutambua miili ya watu wao.

Alistaafu akiwa na miaka 60, tukajua sasa anarudi kisiwani akapumzike na michungwa yake. Wapi! Asubuhi moja kaenda Mwaloni kununua dagaa akamkuta mama anauza kwa sado, yale makopo ya kupimia, mnunuzi kapiga hesabu kwenye simu kamuonyesha kioo, mama anaitikia tu, hela kapokea pungufu na hajui. Mama Mwalimu akaokota kijiti akachora hesabu palepale mchangani, sado ngapi, bei gani, jumla ngapi, yule mnunuzi akaongeza hela bila kubisha. Huyo mama yuko hapa leo, na wakati ule kwenye kikoba alikua anaweka dole gumba, leo ndo mweka hazina wetu, vitabu vya hisa vya kikundi kizima anaandika yeye.

Darasa likaanzia hapo, na ratiba yake mheshimiwa ilifuata mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, basi siku hizo darasa linajaa mpaka dirishani, vijana wa mitumbwini wanakuja, wakina mama wanakuja na watoto mgongoni, anafundisha mpaka sauti inakauka. Giza likirudi anabaki na wachache sana ila hakuwahi kufunga mlango, hata akibaki na mtu mmoja anamfundisha huyo mmoja.

Halafu kuna habari ya dawa za kichocho. Sisi watu wa ziwani kichocho tunakijua, watoto wanashinda majini. Siku ya dawa wanapimwa urefu wanapewa vile vidonge vikubwa vichungu, na mtoto akimeza na njaa anatapika, wazazi wakaanza kuwaficha watoto nyumbani. Yeye hakugombana na mtu, alikua anaamka alfajiri anapika uji sufuria kubwa kwa hela ya pensheni yake, watoto wanakunywa kwanza ndo wanameza, na wazazi wakatulia.

Mheshimiwa, tangu ametutoka vijana wawili aliowafundisha mwenyewe wameendelea na darasa, bila posho. Changamoto ni taa. Chumba tulichopewa hakina umeme, tunasoma kwa tochi za simu, na mama aliyeamka saa tisa usiku kuwahi dagaa macho yake hayawezi tochi ya simu jamani. Pia chaki na madaftari tunachanga, muda mwingine hazitoshi.

Kuna waliopendekeza chumba kipewe jina lake. Sio vibaya na tungefurahi, ila jina likikaa ukutani na jioni chumba kiko giza, hilo litatuumiza zaidi ya kukosa jina. Kwahiyo ombi letu la kwanza ni umeme au hata sola, la pili utusaidie kuongea na halmashauri darasa hili liingizwe kwenye elimu ya watu wazima, hawa vijana wapate mafunzo na posho kidogo. Uji wa siku ya dawa tumeshagawana zamu wenyewe, huo usikuumize kichwa.

Wiki ijayo ni mbalamwezi, darasa litajaa. Ukipata nafasi pita jioni utuone tukisoma, tutafurahi mno.

Tunakukaribisha sasa uongee na sisi. Ahsante sana.