Mpingo uhesabiwe peke yake

Mhariri,

Kila msako wa magogo unaporipotiwa, husomwa "mninga na mpingo" kana kwamba hali yao ni moja. Ni ndugu, wote wa jamii ya mikunde, na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, inadhibiti biashara yao ya nje: mpingo tangu 2017, mninga kwa uamuzi wa 2022. Lakini katika Orodha Nyekundu, orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, mpingo umeshakaribia kutishiwa, mninga bado. Ukiukata mninga hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mpingo kiini chake ni cheusi, kizito hata huzama majini, na huchukua miongo kadhaa kufikia unene wa kuchongwa. Naomba gazeti litaje idadi ya magogo ya kila aina ya mti.

Fundi seremala,
Lindi