Kabla ya Kuongeza RAM, Pima Joto la Prosesa

Wateja wengi huingia dukani kwetu Luthuli Avenue, Nairobi, na laptopu mkononi, wakiomba tuwaongezee RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) au tuwawekee Windows upya kwa sababu mashine imekuwa nzito. Hatukimbilii RAM. Tunaiwasha, tunaipa kazi kidogo, kisha tunatazama joto la prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Mara nyingi ugonjwa uko hapo, na tiba yake ni rahisi kuliko RAM.

Prosesa haikai ikingoja kuungua. Ikikaribia kikomo ilichowekewa na mtengenezaji, inajipunguzia kasi ili ipoe, na hapo ndipo wewe unaona video inakwamakwama na Excel inazubaa. Joto likiendelea kupanda hata hivyo, mashine inajizima ghafla, na kazi ambayo hukuhifadhi inakwenda nayo.

Kikomo chenyewe hutofautiana. Kwa prosesa nyingi za Intel ni nyuzi 100 za Selsiasi. Prosesa nyingi za Ryzen 7000 za kompyuta za mezani, ambazo AMD ilianza kuzitoa 2022, ziliundwa kuhimili nyuzi 95 zikiwa na kazi nzito, kwa hiyo mwenye mashine hiyo akiona 95 asikurupuke kutafuta fundi. Nambari peke yake haisemi mengi mpaka ujue mashine ilikuwa inafanya nini. Laptopu inayofika 85 ukihariri video inafanya kazi yake. Ile inayosoma 75 huku umefungua faili moja tu ya Word, hiyo ilete.

Kupima ni bure. Kwenye Windows, pakua programu ya HWiNFO kutoka tovuti yake rasmi, ufungue sehemu ya vihisi (Sensors) na utafute mstari wa CPU Package, au Tctl/Tdie kama prosesa ni ya AMD. Iache ikiwa wazi, endelea na shughuli zako kwa nusu saa, halafu soma safu ya Maximum. Kwa prosesa za Intel kuna pia mstari wa Thermal Throttling: likionekana neno Yes hapo, basi kasi imeshapunguzwa kwa ajili ya joto. Wa Linux ataweka lm-sensors na kuandika neno sensors kwenye terminali, yaani dirisha la amri. Hifadhi nambari uliyoipata. Miezi mitatu baadaye rudia kazi ileile. Ikiwa imepanda kwa nyuzi kumi na chumba hakijawa na joto zaidi, kuna kitu kinaziba hewa.

Hapa Nairobi kitu hicho kwa kawaida ni vumbi. Mashine za kutoka Embakasi na Mlolongo tunazifungua tukakuta blanketi la kijivu kati ya feni na mapezi ya shaba yanayotawanya joto. Zile za "ex-UK", yaani mitumba ya kutoka Uingereza, zina jambo la ziada: zimetumika ofisini miaka kadhaa kabla ya kufika kwetu, na pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka ikawa kama chokaa. Watu hudhani baridi ya Julai inawaokoa. Inasaidia, lakini jiji letu liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na feni ileile hubeba joto kidogo zaidi ikiwa pwani, mradi vyumba viwe na ubaridi sawa. Na tafadhali, laptopu isilale juu ya blanketi. Nyingi huvuta hewa kwa chini.

Kuna wanaopeleka kompyuta ipulizwe kwa kompresa ya gereji. Hatushauri. Upepo ule mara nyingi huja na maji na mafuta, na feni isiyoshikiliwa huzunguka kwa kasi isiyoundiwa, beringi zikaharibika.

Kwetu kazi ni hii: tunapima joto mbele yako, tunafungua, tunasafisha feni na mapezi, tunabadilisha pesti, tunapima tena kwa kazi ileile. Unaona nambari zote mbili kabla ya kulipa. Bei tunakutajia kabla ya bisibisi kuguswa, na kama joto liko sawa tunakuambia hivyo, ndipo tuzungumzie RAM. Ukija, hifadhi faili zako kwingine kwanza, na ulete chaja yako, kwa sababu laptopu nyingi hupunguza kasi zikiwa kwenye betri na vipimo havitafanana.