Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja Wetu wa Wapemba, Dar es Salaam

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Shughuli za kawaida mnazijua, nazipitia haraka. Maziko na hitma tumehudhuria, wagonjwa walioletwa Muhimbili tumewatazama, futari tumefuturisha, na watoto wa skuli wamesaidiwa madaftari na sare. Mapato ni shilingi 6,840,000, matumizi 6,215,000, na salio liko benki. Daftari analo mweka hazina. Nauli zangu za kufuatilia mambo ya umoja nimejilipia mwenyewe mwaka mzima, na sikudai.

Sasa nije kwenye lile lililosemwa vibarazani tangu Kariakoo hadi Buguruni: shilingi 500,000 tulizopeleka nyumbani Pemba kwa ajili ya mchezo wa ng'ombe, ule wa kumchokoza ng'ombe aliyefungwa kamba uwanjani.

Kamati ilitoa fedha hizo kwa masharti. Ng'ombe mgonjwa au aliyekonda asiingizwe uwanjani, kamba isimkate shingo, asipigwe wala kuchomwa kitu, apate maji na kivuli, na bwana mifugo amtazame kabla na baada. Hapo nikashambuliwa pande zote mbili. Vijana, hasa mabinti zetu, walisema tumelipia mateso. Wazee walisema masharti yale ni matusi, na kwamba mwenyekiti anatafuta sifa kwa watu wa bara.

Vijana wangu, picha mlizokuwa mkisambaza kwenye simu ni za Hispania, ambako fahali humalizwa kwa upanga. Kwetu ng'ombe hauawi; mchezo ukiisha anarudi kwa mwenyewe. Hata Wareno, ambao wazee hutuhadithia kuwa ndio waliotuachia mchezo huu, walikataza kumuua fahali uwanjani mwaka 1928, na mchezo wao upo hadi leo.

Lakini wazee wangu, kutouawa si kutoumia. Ng'ombe aliyefungwa kamba, akazungukwa na zumari na makelele, akachokozwa kwa vitambaa mpaka akapandwa na hasira, yule ana hofu. Nimekulia zizini, naijua pumzi ya mnyama aliyeogopa. Na hadithi ya Mtume (S.A.W.) ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, sisi wenyewe ndio tunaowafundisha watoto chuo cha Kurani. Itakuwaje tuisahau kiangazi kikifika?

Wenye mabunge na mahakama bado wanavutana. Catalonia, jimbo la Hispania, ilipiga marufuku mchezo wa fahali mwaka 2010. Hispania ikatunga sheria mwaka 2013 kuuita mchezo huo urithi wa utamaduni. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikalifuta katazo la Catalonia. Kolombia nayo mwaka 2024 ilipitisha sheria ya kuukomesha ifikapo 2027. Kamati yenu iliamua katika jioni moja, kwa kura, na mimi nausimamia uamuzi ule. Tungekataa kutoa, mchezo ungechezwa vilevile, ila pasingekuwa na bwana mifugo. Fedha zile ndizo zilizotupa sauti. Ng'ombe mmoja aliyekuwa akichechemea alirudishwa, na mwenye ng'ombe aliridhia. Sijamsikia hata mmoja kati ya walionilaumu akilitaja hilo.

Na walionilaumu walikuwa wapi siku ya kikao cha wanachama cha jambo hili? Wanachama tuko 164, waliofika ni 19. Taarifa ilitumwa wiki mbili kabla, na nikawapigia simu wengi kwa mkono wangu. Watu hawakuja, kisha usiku wakaandika ujumbe mrefu wa kuuliza nani aliyewashauri viongozi. Linaniuma, kwa sababu jambo hili lilistahili kusemwa na wote, mzee na kijana, uso kwa uso.

Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Wanachama 97 hawajalipa tangu Ramadhani, na wamo humo wanaotaka fedha za umoja zisiguswe.

Mwakani, Inshallah, tunatarajia kukaa na wazee wa Chwale na Kengeja, vijiji vya Pemba vinavyocheza ng'ombe, tuyazungumze masharti haya kwa utulivu, kutafuta kiwanja cha ofisi upande wa Mbagala, na kuwaingiza vijana wawili kwenye kamati, wakikubali.

Mweka hazina ameketi karibu na mlango. Wenye madeni wamuone kabla hatujaenda kuswali.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti