Blokcheni haihesabu mifuko

Mhariri,

Miaka mingi nimesoma sifa za blokcheni, ile leja ya kidijitali inayotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, nikanyamaza, lakini ile habari yenu kwamba "itakomesha wizi wa fedha za umma" imezidi.

Faida ipo, tena si ndogo. Kila kitalu, yaani fungu la kumbukumbu, hubeba heshi ya kilichotangulia: mfuatano mfupi wa alama unaokokotolewa kutokana na data yake yote. Ukigusa tarakimu moja ya malipo ya mwaka jana, heshi zote zinazofuata hazilingani tena. Kurudisha tarehe nyuma au kunyofoa ukurasa wa leja usiku wa kuamkia ukaguzi kunakuwa kazi ngumu.

Sasa chukueni saruji. Mkandarasi kaleta mifuko 400, hati ya kupokea bidhaa imeandikwa 600, mtunza stoo katia sahihi, mhasibu kalipa. Blokcheni itaitunza hiyo 600 milele, safi kabisa! Nodi, yaani kompyuta zinazotunza nakala za leja, huhakiki sahihi ya kidijitali na salio, haziendi stoo. Mfumo ukidai funguo mbili za kuidhinisha malipo, mkubwa humwachia karani ufunguo wake "ili kazi isilale", na funguo zote mbili zinalala kwenye kompyuta moja. Halafu nodi zenyewe: zote zikiwa kwenye chumba cha seva cha wizara ileile inayolipa, mwenye chumba anaweza kukokotoa upya mnyororo mzima kabla ya chai ya saa nne, na nani atajua? Hata Ethereum, blokcheni ya umma yenye nodi dunia nzima, Julai 2016 ilibadili kanuni zake ili kurudisha fedha zilizochotwa kwenye mfuko wa uwekezaji wa The DAO. Wenye nodi wakikubaliana, kisichofutika hufutika.

Na tukiwa hapo, nani aliwatuma watu wa bajeti kutoa majedwali kama picha zilizoskaniwa kimshazari? Jumla haijumlishiki, mnataka blokcheni!

Dawa ni rahisi. Mikataba, ankara na hati za kupokea bidhaa ziwekwe wazi kwa majedwali yanayofunguka, ila majina ya wanaopokea ruzuku yasichapishwe. Kila Ijumaa leja nzima ipigwe heshi kwa kanuni ya SHA-256, alama 64 tu, nanyi mzichapishe chini ya matangazo ya vifo. Kampuni ya Surety ilianza kufanya hivyo katika New York Times mwaka 1995, kabla Bitcoin haijazaliwa. Magazeti yakishauzwa hakuna waziri wa kuyakusanya. Leja ya Ijumaa ile isipozaa alama zilezile, mkaguzi aanze na wiki hiyo, na aende stoo kwanza.

Msomaji wenu,
Mkaguzi wa mifumo ya fedha