Usiwapige dawa majimoto

Shela, Lamu

Sahibu yangu Athmani,

Assalaam aleikum. Barua yako imenifikia, pamoja na vidaka, hizo nazi changa kabisa, na kile kitale kilichokua zaidi kidogo, ulivyovifunga kitambaani. Unasema vinapukutika kila siku chini ya minazi yako hapo Malindi, na kwamba umeazimia kuwapiga dawa majimoto, wale sisimizi wa mitini wanaofuma viota vya majani, kwa kuwa ndio wadudu pekee unaowaona juu. Naomba usiwaguse.

Vidaka vina vidoa vyeusi vilivyobonyea, na kitale kimepasuka nyufa ndefu zenye utomvu mkavu kama gundi. Hiyo ni kazi ya kunguni wa minazi, mdudu mwembamba wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, mwenye urefu wa takriban sentimita moja na nusu, ambaye hudunga kidaka kikiwa kichanga na kukiachia mate yenye sumu, hata wachache tu wakatosha kulimaliza kole zima, yaani kichala kizima cha nazi. Hashambulii minazi peke yake, bali embe changa, mapera na korosho pia huzidunga. Majimoto ndio wanaomwinda. Huko Unguja jambo hili lilichunguzwa tangu miaka ya 1950. Mimi niliwapulizia sumu mwaka juzi kwa sababu mkwezi wangu alichoka kuumwa, na msimu uliofuata vidaka vikaanguka maradufu. Nakiri kwamba majimoto huwafuga vidung'ata, wadudu wadogo wanaonyonya utomvu wa mimea, lakini hasara hiyo naivumilia.

Ukimpata mdudu usiyemjua, mgeuze chali umtazame mdomo. Anayenyonya mimea ana mrija mrefu ulionyooka, alioulaza chini ya kifua katikati ya miguu. Mwenye mrija mfupi uliopinda kama kulabu huwinda wadudu wenziwe, basi mwachie aende zake, ila usimshike kwa vidole, maana huuma vikali. Mbawa za mdudu zikikutana kwa mstari mmoja ulionyooka mgongoni, huyo ni mbawakawa. Za kunguni hupandana. Kwenye mikorosho tafuta pia mdudu mwembamba kama mbu, aliyesimamisha mgongoni kitu mfano wa pini yenye kichwa, kwani yeye ndiye anayekausha machipukizi.

Mwambie mkwezi apande asubuhi mapema, kabla kunguni hawajachangamka kwa jua, akate kole moja na kulikung'uta juu ya shuka jeupe. Watakaoanguka watie ndani ya chupa, umpe mtu yeyote anayepanda basi la Mokowe, kwenye gati la kuvukia huku Lamu, aniletee.

Wako,
Omari