Ukija Desemba

Kent, Uingereza, 14 Septemba

Shoga yangu Zuhura,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na mara zote mbili nimecheka. Ati unaogopa utaniaibisha kwenye dansi letu la Desemba, lile la kuvaa na kucheza kama Waingereza wa zamani? Mwenzangu, aibu ya ukumbi ule nimeimaliza mimi, hukubakishiwa hata chembe.

Mara yangu ya kwanza watu wote walivaa kama miaka ya 1860, enzi za Malkia Victoria. Mzee mmoja mwenye ndevu za mashavuni, zake mwenyewe si za gundi, akaja, akainama, akaniomba polka, ile dansi ya kurukaruka. Nikamjibu nimechoka, na kweli nilikuwa hoi, koseti, lile vazi la kukaza kiuno, imenibana hadi naona nyota. Muziki haujaanza vizuri, kijana ninayejifunza naye akaninyooshea mkono, na mimi huyoo, katikati ya ukumbi, narukaruka. Baadaye nikavutwa pembeni. Kumbe mwanamke akimkatalia mtu kwa udhuru wa uchovu, dansi ile yote anakaa kitini. Akiinuka na mwingine ni kama amemtangazia yule wa kwanza mbele ya watu kuwa hafai. Nilikwenda kumwomba radhi mzee wa watu, akacheka tu, akachukua kikadi changu na kuandika jina lake mara mbili.

Hicho kikadi utapewa mlangoni, pamoja na kalamu ndogo ya risasi ya kuning'iniza mkononi. Dansi zote zimepangwa humo, na anayekuomba anaandika jina mbele ya ile anayoitaka. Mtu mmoja asijaze nafasi nyingi. Zikizidi mbili tatu, watu wa zama zile walianza kuuliza posa inakuja lini. Tena mwanamume hamwendei mwanamke asiyemjua, lazima mtu amtambulishe. Na wakishatambulishwa ukumbini, kesho yake barabarani hana ruhusa ya kumsalimia mpaka mwanamke mwenyewe atangulie kuinamisha kichwa. Bibi yako angeipenda sana hii!

Ulilouliza kwa kunong'ona, la kushikana mikono na wanaume: kila mtu anavaa glavu. Watu wa zama zile walikuwa na sababu yao, jasho la kiganja lisiharibu hariri ya gauni mgongoni, lakini na sisi inatufaa. Isitoshe wanaume ni wachache kwenye kundi letu, kwa hiyo wengi wetu tunacheza wanawake kwa wanawake. Na usidhani Waingereza walikuwa hawaoni haya. Walsi ilipoingia, watu wawili kukumbatiana na kuzunguka, gazeti la The Times mwaka 1816 liliwaka moto na kuiita uchafu. Victoria alipokalia kiti cha enzi mwaka 1837 ilikuwa imeshazoeleka. Polka yenyewe ilifika London mwaka 1844, mji mzima ukapata wazimu.

Wewe anza na kwadrili. Jozi nne zinasimama umbo la mraba, sehemu ni tano, na kazi kubwa ni kutembea, kubadilishana nafasi na kurudi. Ukipotea tabasamu, mwenzi wako atakuelekeza kwa macho.

Gauni akushonee fundi wako wa Ngamiani, ila vipimo achukue ukiwa umeshavaa koseti, la sivyo kiuno kitakuwa mahali pengine kabisa. Mchana wanawake wa zama zile walijifunika mpaka shingoni, usiku ndio waliacha mabega wazi. Sisi tutatupia mtandio na hakuna atakayesema neno. Krinolini nitakuazima yangu. Ni pete za chuma chembamba za kuvaa chini ya gauni, zinazoning'inia kiunoni kama tenga, zilikuja mwaka 1856, na kabla yake wanawake, maskini, walikuwa wakirundika magagulo moja juu ya jingine. Kukaa nayo kunataka mazoezi. Ukikaa kwa pupa, mbele yote inanyanyuka hadi usoni. Tutafanya mazoezi sebuleni kwangu, mlango umefungwa.

Kipepeo cha mkono cha kujipepea lete, kile chako cha ukindu kitapendeza, lakini wasikudanganye kuhusu lugha ya vipepeo, eti ukigusa shavu la kulia ni ndiyo, la kushoto ni hapana. Orodha ile ilisambazwa na Duvelleroy, watengeneza vipepeo wa Paris, wauze bidhaa yao. Wenye kusema kwa nguo ni sisi, na jina la ile kanga uliyomvalia wifi yako bado nalikumbuka.

Nitumie urefu wako na saizi ya kiatu kabla ya mwisho wa mwezi. Mzee wa ndevu nimeshamwambia unakuja, ameshaomba polka. Ukimwambia umechoka, shoga, basi uchoke kweli.

Wako,
Rukia