Vipimo vya bahari yetu vibakishiwe nakala nyumbani

Mhariri,

Tangu mwaka 2023 Taasisi ya Teknolojia ya Madras ya India inasomesha hapa Zanzibar, nami ni miongoni mwa wanaofurahia milango hiyo kufunguliwa. Ninachoomba ni utaratibu. Mwaka jana niliwachukua kwa mashua, kutoka Mkoani, watafiti wageni waliokuwa wakipima kina cha Mkondo wa Pemba. Vipimo vyote viliingia katika kompyuta moja, iliyokwisha kuganda chumvi kifunikoni, ikaondoka nao, na wenyeji wao wa chuoni hawakubakishiwa hata nakala. Kina cha bahari humfaa mvuvi, lakini humfaa pia mwenye nyambizi. Kabla ya kibali cha utafiti kutolewa, chuo kinachowapokea watafiti kitamke kwa maandishi nani atahifadhi takwimu, wapi, na nani ataruhusiwa kuzitumia.

Nahodha wa mashua,
Mkoani, Pemba